Msimu Seli Zilipogoma Kushika

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza shajara. Nimepewa kazi nyeti, na Profesa hupenda kusema kwamba mwenye kazi nyeti aandike hata yale anayoona hayana maana. Haya, naandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Aliyekaa kwenye benchi langu la maabara kabla yangu ni mwanamke tuliyekuwa tukimwita Dada Pole, kwa sababu ya mwendo wake. Akianza kufungua chupa unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukamkuta bado anatafuta upande wa kuzungushia kifuniko. Alimaliza uzamivu wake, akaondoka, sasa anafundisha chuo cha wauguzi upande wa pili wa mji. Kazi yake ilichapishwa kwenye jarida linaloheshimika, na ndiyo iliyompa shahada. Alionyesha kwamba seli fulani za mgongoni mwa kiinitete cha kuku, zile ambazo baadaye husafiri kwenda kuwa neva na rangi ya ngozi, huanza kujua kushika, yaani kunata kwenye njia yao, mapema mno, zikiwa bado changa, kabla hata ya safari yenyewe.

Sasa watu wa maabara nyingine, nchi nyingine, wamejaribu kurudia kazi hiyo wakaambulia patupu. Wameliandikia jarida kwa adabu, ila ni adabu ya aina ile inayochoma. Profesa kaniita ofisini, akafunga mlango.

"Rudia wewe," akasema. "Una mkono mwepesi na unafuata maagizo. Jarida limetupa hadi tarehe kumi na saba Mei. Zisiposhika, nitaomba makala iondolewe."

"Na Dada Pole je, Profesa?"

"Makala ikiondolewa, na shahada itabidi iangaliwe upya." Akavua miwani akaanza kuifuta, na ilikuwa safi.

Nimetoka ofisini kichwa juu. Nimefurahi kuchaguliwa mimi. Dada Pole sijawahi kumwamini sana, mtu anayefanya kila kitu polepole vile anawezaje kuwahi kugundua jambo kabla ya dunia nzima.

Jumatano, 6 Machi

Mayai yamefika, yameingia kwenye mashine ya kutotolea. Muuza mayai aliuliza kama safari hii tutamgawia kifaranga hata mmoja. Nikamwambia wetu hawafiki huko. Akanitazama kama mtu anayemtazama mchawi.

Nieleze kazi yenyewe. Seli haikai tu mwilini hivihivi. Nje yake kuna mtandao wa nyuzi za protini, sisi tunauita zulia, na seli ina vidole vidogo vya kushikia zulia hilo. Ikishika inajilaza, inajinyoosha, inatoa miguu bapa na kuanza kutembea. Isiposhika inabaki duara kama punje ya mtama, na ukiosha kioo inaondoka na maji. Basi mimi nachukua kioo chembamba, nakipaka protini ya zulia, naweka juu yake kipande cha mgongo wa kiinitete, nasubiri hadi kesho yake, naosha, natazama kwa hadubini zilizobaki ni ngapi.

Protini inakuja imegandishwa kwenye kichupa kidogo kama kidole gumba. Nayeyusha, naongeza maji ya chumvi, natikisa, nachuja, napaka. Kutikisa ni sheria ya nyumba. Miaka ile mimi bado nanyonya, Profesa alipoteza msimu mzima kwa sababu msaidizi wake hakuchanganya sawasawa, chumvi zikajikalia chini ya chupa. Tangu hapo kila mgeni wa maabara hii anafundishwa kutikisa kabla ya kuonyeshwa choo. Mimi natikisa hadi bega linauma.

Ijumaa, 8 Machi

Za kwanza zimetoka. Seli pevu, zile za viinitete vikubwa, zimeshika vizuri, zimejinyoosha mpaka raha. Seli changa hazikushika. Duara zote, zimeondoka na maji.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Pevu zimeshika, changa hazikushika.

Jumanne, 19 Machi

Hazikushika.

Nyumbani, kaka yangu amekaa kibarazani wiki nzima. Yeye ni fundi rangi, na msimu huu hana kazi kwa sababu kuta zote zimelowa. Nikamsimulia shida yangu. Akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kama bingwa.

"Mdogo wangu, hilo ni unyevu tu. Rangi haishiki ukuta wenye maji. Kausha vioo vyako."

Mama akamwambia, "Wewe kausha kwanza viatu vyako, vimejaza matope nyumba nzima."

Ila kesho nitavikausha. Mtu akizama anashika hata unyasi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekausha vioo siku mbili kwenye tanuri. Hazikushika. Nimemwambia kaka, amesema basi tatizo ni mayai.

Jumatatu, 25 Machi

Umeme umekatika mchana, radi imepiga nguzo. Mashine ya mayai ikaanza kupoa. Nimeivisha koti langu, la Profesa, na mapazia mawili ya chumba cha mikutano. Profesa kaingia akatafuta koti lake, akaliona lilipo, akatoka bila koti. Umeme umerudi kabla jioni haijaingia. Mayai salama. Paa linavuja juu ya friza, tumeweka ndoo.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimempelekea Profesa picha zote za mwezi mzima. Amezipanga mezani mstari mmoja: seli pevu zimejilaza kwa raha zao, changa duara, duara, duara.

"Mikono yako haina kasoro," akasema. "Ingekuwa na kasoro, hata pevu zisingeshika. Zulia lako ni zima."

Hoja hiyo haina pa kuingilia. Zulia ni lilelile moja kwa zote. Kama kubwa zinashika na ndogo zinakataa, basi ndogo hazina vidole bado, na aliyesema zinavyo alisema uongo.

Jioni nimemwambia Mama kwamba aliyenitangulia alikuwa tapeli. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Umemwona akitapeli?"

"Sijamwona, lakini matokeo—"

"Basi sema hujapata alichopata yeye. Hilo lingine liache mpaka ulione."

Nimenuna. Nimeenda kulala bila kula, halafu nimeamka nikala.

Ijumaa, 5 Aprili

Hazikushika. Mama ameacha kupika mayai asubuhi, anasema ananihurumia.

Jumanne, 9 Aprili

Dada Pole amekuja.

Nilikuwa naosha vioo, nikasikia mtu anagonga mlango ambao hauna haja ya kugongwa. Alikuwa amelowa chepechepe, mwavuli umegeuka nje ndani. Nilitegemea aje na maneno, aombe au afoke. Akasalimia, akauliza hali ya Mama, ambaye hajawahi kumwona, kisha akasema, "Mdogo wangu, naweza kuziona?"

Nikamwekea kisahani chini ya hadubini. Alikaa pale muda mrefu mpaka nikaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. Nilikuwa namtazama kwa pembeni nione uso wa mtu aliyekamatwa. Nilichoona ni mshangao. Aligeuza kisahani, akarudi mwanzo, akageuza tena, kama mtu aliyepita mtaa aliokulia akaukosa mlango wa kwao.

"Pevu zimeshika," akasema.

"Zimeshika."

"Na hizi ndogo zimekataa kabisa." Akainua uso. "Kwangu hazikukataa. Sikudanganya, mdogo wangu. Najua kila mtu angesema hivyo."

Ndipo akaniambia kwamba mkuu wa chuo chake amezisikia habari. Yuko kwenye majaribio, mkataba wa kudumu unaamuliwa mwisho wa Mei, na mkuu amemwambia waziwazi kwamba mwalimu mwenye shahada ya mashaka hatamweka mbele ya wauguzi. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyouliza habari za Mama. Kisha akajaribu kuugeuza mwavuli wake, ukamshinda, akaondoka nao vilevile kwenye mvua.

Sikumpa wangu. Ulikuwa pale pembeni ya mlango na sikumpa. Hilo limenikaa rohoni.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwomba Profesa amruhusu Dada Pole aje afanye mwenyewe, mbele yetu. Nilidhani atakataa. Amesema, "Hata mshtakiwa husikilizwa. Alhamisi."

Alhamisi, 18 Aprili

Amekuja asubuhi, koti lake la zamani la maabara limembana kidogo. Profesa amevuta stuli akakaa hatua moja kutoka benchi, mikono kifuani. Mimi nimesimama nyuma na kalamu.

Kila kitu amefanya kwa mwendo wake. Kupasua yai, kukitoa kiinitete bila kukijeruhi, kukilaza, kukikata kipande cha mgongo kwa sindano. Kwa kweli nilikuwa sijawahi kuona mkono mtulivu namna ile. Mimi nikikata nusu ya vipande naviharibu, yeye hakuharibu hata kimoja. Profesa mwenyewe aliinama kutazama, na nadhani alijisahau kidogo, maana alisema "vizuri" kwa sauti ya chini.

Alipofika kwenye protini, akaongeza maji ya chumvi, akatupia jicho upande wa Profesa, akatikisa. Alitikisa kwa nguvu zote, kwa muda mrefu, kama mtu anayedai haki yake. Kichupa kikajaa povu. Akasubiri povu litulie, akachuja, akapaka. Nilipaka vyangu pembeni, kwa njia ileile, na tukavifunga vyote kwenye mashine.

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukaagana kwa ishara.

Ijumaa, 19 Aprili

Hazikushika. Wala zake, wala zangu.

Profesa alitazama wa kwanza. Akamwachia kiti Dada Pole, naye akatazama, akainuka. Nikasikia ndoo chini ya paa ikipokea matone. Profesa akaenda dirishani.

"Nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi," akasema, akiwa ametupa mgongo. "Halafu nitaandika barua. Nasikitika, binti yangu."

Dada Pole akakusanya mkoba wake. Nimemfuata hadi kwenye korido, na mwavuli wangu mkononi safari hii. Akaupokea. Akasema, "Hata mimi sasa sijiamini. Nimejiuliza kama niliota."

Ningepaswa kufurahi. Nimeshinda, si ndiyo. Mwezi na nusu nimekuwa nikisema huyu ni tapeli, na leo imedhihirika. Lakini furaha haikuja. Tapeli hujua kwamba seli hazitashika. Tapeli angesema mgonjwa, angesema msiba, angepata safari ya ghafla. Huyu alikuja na koti lake limepigwa pasi, akakaa kwenye hadubini akitegemea kwa moyo wote kuziona zimejilaza, na zilipokuwa duara akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nimemfikiria vibaya mtu huyu tangu siku ya kwanza, na sababu kubwa ni kwamba hatembei haraka.

Mama ameuliza kulikoni. Nimemwambia sijamwona akitapeli. Akanisogezea sahani.

Jumatatu, 22 Aprili

Profesa amesafiri kwa mkutano, anarudi wiki ijayo. Nimempigia simu Dada Pole.

"Njoo tena," nimemwambia. "Mzee hayupo. Tufanye mimi na wewe, benchi moja, mayai ya trei moja, kichupa kimoja tukigawane nusu kwa nusu."

"Ili iweje, mdogo wangu?"

Nimesema tu nataka.

Jumatano, 24 Aprili

Amekuja baada ya vipindi vyake. Tumegawana kila kitu. Leo alikuwa amelegea zaidi, hata ametabasamu mara moja nilipomsimulia habari za koti la Profesa na mashine ya mayai. Nimemaliza vyangu mapema, yeye nusu yake ya protini ilikuwa bado haijapata maji ya chumvi. Nimeenda kunywa chai. Nimerudi, alikuwa anapaka.

Alhamisi, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie na zangu: duara.

Za kwake zimeshika. Seli changa, zile ndogo kabisa, zimejilaza kwenye kioo kama watu waliorudi kutoka kazini, zimenyoosha miguu, nyingine zimeshaanza kusogea mbali na kipande. Nilipoziona nilirudi kuangalia alama ya kisahani, nikadhani nimechanganya na pevu. Sikuchanganya.

Dada Pole akatazama, akakaa kwenye sakafu. Kwenye sakafu kabisa, na ilikuwa na maji.

Na mimi, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba jana nilienda kunywa chai. Alibaki peke yake na visahani. Nadhani aliliona wazo hilo likipita usoni mwangu, maana aliacha kutabasamu.

"Niulize tu," akasema.

"Nilipokuwa kwenye chai, ulifanya nini ambacho mimi sikufanya?"

"Hakuna. Niliongeza maji, nika—" Akakatiza. Akaangalia mlango, utadhani Profesa angeingia kutoka huko mkutanoni. "Sikutikisa."

"Hukutikisa?"

"Nilikigeuza kichupa taratibu, mara mbili tatu, basi. Mdogo wangu, nitakwambia ukweli. Ukitikisa linatoka povu, na povu lazima ulisubiri litulie. Mimi mwenyewe mzito hivi, nikikaa kusubiri na povu nitatoka hapa saa ngapi? Nikawa siku zote nageuza tu. Uvivu, si kitu kingine. Na sheria ya Mzee naijua, ndiyo maana sikuwahi kumwambia mtu."

"Lakini Alhamisi ile ulitikisa. Nilikuona."

"Alhamisi Mzee alikuwa amekaa pale na mikono kifuani," akasema. "Mbele ya Mzee, nani asiyetikisa?"

Tuliangaliana. Halafu sote wawili tukakimbilia kichupa, na yeye, naapa, alifika wa kwanza.

Tulichukua protini kidogo iliyobaki, tukaigawa. Nusu tukaigeuza taratibu, nusu nikaitikisa mimi kwa bega langu lote. Tukasubiri povu, tukainua vichupa vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. Kile kilichogeuzwa kilikuwa safi kama maji ya kunywa. Kwenye kile kilichotikiswa kulikuwa na nyuzi, nyembamba mno, kama pamba inayobaki mfukoni baada ya kufua. Protini hii ni ndefu na laini, ukiipiga inajifunga yenyewe kwa yenyewe. Na baada ya kutikisa sisi tunachuja. Yaani mwezi na nusu nimetengeneza zulia, nimelikunja kwa mikono yangu, nimeliacha kwenye chujio, nimelitupa, kisha nimepaka kioo kwa maji ya chumvi yenye harufu ya zulia. Seli pevu zina vidole vingi vyenye nguvu, zinaridhika hata na mabaki. Zile changa ndiyo kwanza zinaanza kushika, zinataka zulia zima. Ndiyo maana kubwa zilitudanganya kwamba kila kitu ni sawa.

Dada Pole alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akawa halii wala hacheki, kisha akasema, "Sasa nani atamwambia Mzee?"

Ijumaa, 26 Aprili

Nimefanya peke yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sikutikisa. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea, nimegeuza kichupa kama nabeba mtoto wa mtu.

Jumamosi, 27 Aprili

Zimeshika.

Zangu. Zimeshika zote. Nimemwita mlinzi wa jengo aje aone, akaja akatazama kwenye hadubini, akasema hongera bila kujua ni za nini. Nimezipokea hivyohivyo.

Jumanne, 30 Aprili

Profesa amerudi. Barua kwa jarida ilikuwa tayari mezani kwake, bado tu kuisaini. Dada Pole aliomba nimwambie mimi. Anaogopa, hata sasa, kusema mbele ya Mzee kwamba kwa miaka minne hakufuata sheria yake.

Nimesema yote, nikaweka picha juu ya barua. Amezitazama moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo unaniambia aliyeharibu ni mimi."

"Nasema kutikisa ndiko kulikoharibu, Profesa."

"Na sheria ya kutikisa ni ya nani hapa?"

Akaniambia nitoke. Nimetoka, picha zikabaki, barua nayo ikabaki.

Ijumaa, 3 Mei

Hajasema kitu. Mvua inanyesha. Dada Pole amenipigia mara tatu, na mara zote tatu nimemjibu bado.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefika asubuhi nikamkuta Profesa kwenye benchi langu, amevaa koti la maabara. Sijawahi kumwona na koti hilo. Vifungo vyake vya katikati vimekataa kufunga.

"Lete mayai," akasema. "Na usinisaidie."

Amefanya vichupa viwili, kimoja kwa sheria yake na kimoja bila. Kile cha pili kilimtoa jasho. Amekishika tu, mkono ukaanza kutikisa wenyewe, akausimamisha, akakiweka chini. Akakishika tena, ukaanza tena. Mwishowe ameegemeza kiwiko mezani, akashika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akakigeuza hivyo, midomo imekazwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote kati ya hayo. Nimekuwa namwona kama ukuta kwa miaka miwili. Leo nimeona mzee anayeogopa kupoteza msimu mwingine, na amekuwa akiogopa hivyo tangu ujana wake.

Jumanne, 7 Mei

Alitazama kisahani cha kwanza: duara. Alitazama cha pili. Akakaa hapo.

"Zimeshika," akasema, bila kuinua uso.

Kisha akaanza kukohoa, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. "Wale wa maabara nyingine," akasema, "mwaka jana waliniomba maagizo yetu, hatua kwa hatua. Niliwatumia. Na neno kutikisa nililipigia mstari chini. Mara mbili."

Barua ameichana mbele yangu. Ya pili ameiandika papo hapo, kwa jarida na kwa wale watu, wageuze taratibu, wajaribu tena. Nakala nyingine kwa mkuu wa chuo cha wauguzi. Baada ya hapo amemwita Dada Pole kwenye simu, na hakuniambia nitoke.

"Binti yangu," akasema, "nimekukosea. Kazi yako ni ya kweli. Nimeiona kwa macho yangu na kwa mkono wangu." Akasikiliza. Akasema, "Hapana, mimi ndiye wa kuomba radhi. Hapana. Hapana, na hilo la sheria usilitaje tena, nakuomba."

Alipokata simu alikuwa mwekundu wa macho. Akaniuliza kama kuna chai.

Jumatatu, 13 Mei

Tunasubiri jibu la wale wa mbali. Profesa anasema ana hakika, lakini amefungua barua pepe tangu asubuhi kila nikipita mlangoni. Picha zetu jarida litazitazama, ila neno la wale ndilo litakalofunga mdomo wa kila mtu, pamoja na mkuu wa chuo.

Kaka amepata nyumba ya kupaka, ndani tu, nje bado. Anasema yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba tatizo liko kwenye kupaka. Hakuna aliyembishia.

Ijumaa, 17 Mei

Limekuja. Profesa amenisomea amesimama. Wamegeuza taratibu, wamerudia mara tatu, seli changa zimeshika mara zote tatu. Wanaondoa malalamiko yao na wanaomba ruhusa ya kumtaja Dada Pole kwenye kazi yao mpya. Jarida limeandika mstari mmoja: makala inabaki.

Nimetoka nje kwenye ngazi, nikampigia. Alikuwa darasani, nilisikia viti na minong'ono. Akasema ngoja, nikasikia mlango, kisha korido.

"Sema."

"Zimeshika na kwao. Makala inabaki. Mzee ameshampigia mkuu wako."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniomba mara ya tatu, nikarudia neno kwa neno, sikukosa hata moja. Akashusha pumzi ndefu sana, ya mtu aliyeibeba tangu Machi.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Nina kipindi." Nadhani aliondoa simu sikioni, ila hakuikata. Nikasikia viatu vyake kwenye korido, mlango, wanafunzi wakinyamaza. Akawaambia wafungue madaftari. Msichana mmoja, karibu na mbele, akauliza kwa sauti ya wasiwasi, "Mwalimu, unalia?"

"Ndiyo, nalia," akasema Dada Pole. "Haya, andikeni."